Kitale na Bungoma: Mgonjwa akivuka mpaka leo, tutajua lini?

Kila Uganda inapotangaza mkurupuko wa Ebola au Marburg, mjadala ule ule huzuka hapa kwetu Kenya. Wizara ya Afya hutoka na kusema nchi iko tayari. Serikali za kaunti za magharibi hulalamika kwamba zimetakiwa kujiandaa bila kuongezewa fedha. Madaktari na wauguzi huuliza mavazi ya kujikinga yako wapi. Wananchi nao huuliza swali fupi kuliko yote: mgonjwa akivuka mpaka leo, tutajua lini?

Swali hilo huulizwa sana Kitale na Bungoma, miji iliyo mbali na bahari. Msomaji wa Mombasa, Kilifi au Lamu anaweza kudhani halimhusu. Lakini mimi ni mtu wa Pwani, nina jamaa na majirani wanaoishi kwa usukani wa lori, na najua barabara yao. Hutoka bandarini, ikapita Mariakani, Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Webuye na Bungoma, ikafika Malaba. Ni safari ya kama kilomita 900, na anayeiendesha hulala njiani, hula njiani, kisha hurudi nyumbani kwa mkewe na wanawe. Linalokosa kugunduliwa kule juu linaweza kushuka huku siku mbili tatu baadaye.

Ndiyo maana nimeona niandike makala haya kwa utaratibu: maradhi haya yalishafika wapi, kupima kunahitaji nini, mjadala wenyewe unahusu nini hasa, na sisi raia tuna haki ya kuuliza nini.

Miji miwili, mipaka mitatu

Kitale ni makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia. Kutoka hapo barabara huenda Suam, kituo cha mpaka kilicho kaskazini mwa Mlima Elgon. Bungoma ina kituo chake cha Lwakhakha, upande wa kusini wa mlima. Malaba yenyewe iko kaunti ya Busia, lakini malori mengi yaendayo huko hupita Bungoma kwanza.

Hivyo ni vituo rasmi. Kati yake kuna vichochoro na vivuko ambavyo watu wamevitumia tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Mbale ni ndugu. Wasabaot wa Mlima Elgon na Wasebei wa Kapchorwa na Kween ni ndugu vilevile. Watu huvuka kwenda sokoni, kuhudhuria mazishi, kutibiwa, hata kumwona mganga. Anayepanga kuzuia ugonjwa kwa kusimama kwenye lango la Suam au Lwakhakha pekee amefunga mlango na kuacha madirisha wazi.

Maradhi haya si mageni kule

Wengi husema Ebola na Marburg ni maradhi ya Kongo na Uganda. Ebola, kweli, haijawahi kuthibitishwa kwa mgonjwa hapa Kenya. Marburg imeshatuua, na ilitokea huko huko.

Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua baada ya kuzuru pango la Kitum, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Trans Nzoia. Alipelekwa Nairobi akafia hospitalini. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa siku chache baadaye, akaugua sana, akapona. Aina ya kirusi iliyopatikana kwake inaitwa Musoke hadi leo katika maabara za dunia. Wakati huo ilibidi damu ipelekwe ng'ambo ndipo ugonjwa ujulikane jina.

Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15 alizuru pango lile lile la Kitum, akaugua siku tisa baadaye, akafariki. Miaka mingi ilipita kabla ya wanasayansi kukipata kirusi cha Marburg kwa popo walao matunda wa pango hilo.

Kisha ukaja mwaka 2017. Katika wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima huo huo, mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo wengi aliugua na kufariki mwezi Septemba. Hakupimwa. Alizikwa kama wazikwavyo watu wote, na dada yake, aliyemuuguza na kushiriki mazishi, akaugua naye, akafariki mwezi Oktoba. Sampuli yake ndiyo iliyotoa jibu, na Uganda ikatangaza mkurupuko tarehe 19 Oktoba. Ndugu yao wa tatu naye alifariki mwezi huo. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa ameshavuka kuingia Kenya, na wahudumu wa afya wa Trans Nzoia na Pokot Magharibi wakalazimika kuwatafuta na kuwafuatilia waliokutana naye.

Mkurupuko huo uliisha Desemba bila kuenea zaidi, alhamdulillahi. Lakini tazama zilivyopita siku. Baina ya mgonjwa wa kwanza kuugua na jina la ugonjwa kujulikana, karibu mwezi mzima ulikwisha. Hakuna aliyefanya hila wala kuficha. Mtu alikuwa na homa, akatibiwa malaria, akafa, akazikwa. Mambo hayo hutokea kila siku katika eneo lenye malaria, na Bungoma na Trans Nzoia ni maeneo ya namna hiyo.

Kupima kunahitaji nini

Hapa ndipo mjadala wetu hupotea njia, kwa sababu neno "kupima" hutumika kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni kupima joto mpakani. Msafiri huelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, huulizwa ametoka wapi, hujaza fomu. Hilo lina faida yake, lakini lina mpaka wake pia. Mtu aliyeambukizwa Ebola huweza kukaa baina ya siku 2 na 21 kabla ya kuona dalili yoyote. Katika muda huo kipimajoto hakitaona kitu, na yeye mwenyewe hajui. Aliye na homa naye akimeza dawa ya kuituliza kabla ya kufika langoni, atapita.

La pili ni kupima damu maabarani, kwa kipimo cha PCR kinachotafuta kirusi chenyewe. Hiki ndicho kipimo cha kuaminika, nacho kina masharti. Anayetoa damu lazima avae mavazi kamili ya kujikinga. Sampuli hufungwa tabaka tatu na kusafirishwa kwa baridi. Maabara inayoipokea lazima iwe na ulinzi wa hali ya juu. Na iwapo damu imetolewa mapema mno, ndani ya siku tatu za mwanzo wa dalili, jibu linaweza kusema hakuna ugonjwa hali upo, kwa hivyo mgonjwa hubaki ametengwa na kupimwa tena baada ya saa 72.

Kwa maradhi kama haya, sampuli kutoka Kitale au Bungoma huelekezwa maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, jijini Nairobi, umbali wa karibu kilomita 400. Kwa hiyo utayari wa serikali upimwe kwa saa: kuanzia daktari au muuguzi anaposhuku, hadi gari linapoondoka na sampuli, hadi jibu linaporudi. Idadi ya vipimajoto iliyotangazwa na wizara haitatuambia hilo.

Wataalamu wa afya duniani wana kipimo chao wanachokiita 7-1-7: siku saba kugundua mkurupuko, siku moja kuutolea taarifa, siku saba kukamilisha hatua za mwanzo za kuukabili. Ni kipimo chepesi ambacho hata mwananchi asiyesomea tiba anaweza kumshika nacho waziri au gavana.

Palipofanyika vyema, palipochelewa

Tuwe waadilifu, maana lawama tupu haijengi. Mwezi Juni 2019, wakati Ebola ya Kongo ilipoingia Kasese nchini Uganda, mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka Malaba kumwona mumewe alifika hospitali ya rufaa ya Kericho akiwa na homa na dalili za kutilia shaka. Wahudumu walimtenga, wakatoa sampuli, ikapelekwa Nairobi, na Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, akawatangazia Wakenya kwamba hakuwa na Ebola. Hofu ilikuwa kubwa, lakini jibu lilipatikana upesi na likatolewa hadharani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa tazama Mubende, Uganda, mwaka 2022. Kijana wa miaka 24 aliugua tarehe 11 Septemba, akalazwa hospitali ya rufaa tarehe 15, sampuli ikatolewa tarehe 17, na jibu likaja tarehe 19, siku aliyofariki. Uganda ina maabara bora ya virusi kule Entebbe na uzoefu mkubwa wa Ebola, na bado ugonjwa ulikuwa umeshaenea kijijini kwa wiki kadhaa. Mpaka mkurupuko ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 164 walikuwa wamehesabiwa, waliothibitishwa na wanaodhaniwa pamoja. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, na 7 kati yao wakafa. Ile ilikuwa Ebola ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Chanjo iliyotumika Kongo ni ya aina nyingine.

Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ikatangaza tena Ebola ya Sudan. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala. Kabla ya kufariki alikuwa ametafuta matibabu sehemu kadhaa, Mbale ikiwemo, na kwa mganga wa jadi pia. Mbale ndiyo mji mkubwa ulio jirani na Lwakhakha na Malaba. Jibu la maabara lilitoka baada ya kifo chake. Kama muuguzi wa hospitali kuu ya taifa alihangaika hivyo bila kugunduliwa, mkulima wa Cheptais au Endebess atagunduliwa na nani?

Ugonjwa mwingine ulitukaribia zaidi sisi wa Pwani. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa mpox. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda akipitia Kenya, naye aligunduliwa kituo cha mpaka cha Taveta. Wiki chache baadaye mgonjwa wa pili, dereva wa lori, aligunduliwa Malaba. Yaani barabara ile ile, ncha zake mbili. Wahudumu wa Taveta wanastahili pongezi. Lakini tukio lenyewe latukumbusha kwamba kutoka mpaka wa magharibi hadi Taita Taveta ni nchi nzima.

Madereva walipogeuzwa ugonjwa

Mjadala wa kupima haukuwahi kuwaka kama mwaka 2020, wakati wa korona. Mwisho wa Januari mwaka huo, sampuli ya mwanafunzi aliyefika Nairobi kutoka Wuhan ilipelekwa Afrika Kusini, kwani kipimo hakikuwapo hapa. Tarehe 26 Februari ndege kutoka China ilitua Nairobi na abiria 239, wakaruhusiwa kwenda kujitenga majumbani. Wananchi walipiga kelele, kesi ikaenda Mahakama Kuu, na safari za ndege kutoka China zikasimamishwa kwa amri ya mahakama. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi.

Tukubali kwamba baada ya hapo maabara zilifunguka kwa kasi. KEMRI ilipima Nairobi, Kisumu na Alupe kule Busia. Kilifi kwetu, kituo cha KEMRI na Wellcome kilipokea sampuli za Pwani. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa maabara 9 za kuhamishika kwa nchi wanachama. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini kule Malaba hali ilikuwa mbaya. Uganda ilipoanza kuwapima madereva wote, majibu yakawa yanachukua siku kadhaa, na foleni ya malori ikarudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Madereva na mataniboi walilala chini ya magari yao, bila choo wala maji, wakishinda pamoja wale wenye ugonjwa na wasio nao. Kipimo kilichowekwa kuzuia maambukizi kiliwakusanya watu mahali pamoja kwa siku nyingi. Wakazi wa miji ya njiani wakaanza kuwaogopa na kuwafukuza vibandani. Uganda nayo ikaamua kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu yake ya wagonjwa, na watu wakazozana nani ni mgonjwa wa nani, badala ya kuuliza nani anamtibu.

Mwanzoni mwa 2022 yakarudi tena. Madereva waligoma kwa sababu ya kutakiwa kulipia kipimo dola 30 kila mmoja upande wa Uganda. Malori yakajaa njiani, Kampala petroli ikaadimika na bei ikaruka. Mwishowe ada hiyo iliondolewa. Funzo ni wazi: kipimo cha lazima kinachomtoza maskini kitakwepwa, na kikikwepwa si kinga tena.

Mficha maradhi

Waswahili tumesema tangu zamani kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa. Nadhani umefika wakati tuulize pia kwa nini anaficha.

Jibu tunalo nyumbani. Tarehe 6 Mei 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kufungwa kwa Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na Eastleigh, Nairobi. Vituo vya kupima viliwekwa lakini waliojitokeza walikuwa wachache, na serikali ikalalamika. Wengine walisema watu wa Mji wa Kale ni wakaidi. Lakini wiki zilizotangulia watu walikuwa wameona waliopelekwa karantini wakidaiwa pesa za kulala na kula ndipo waachiwe. Siku hiyo hiyo ya 6 Mei ndipo serikali ilipotangaza kwamba itagharimia karantini katika vituo vyake. Hofu ilikuwa imeshaingia nyoyoni. Mtu mwenye kibarua cha siku, akiambiwa "njoo upimwe", husikia "njoo ufungiwe wiki mbili, na watoto walale njaa". Ongeza hofu ya kuzikwa usiku na watu wasiojulikana, bila kuoshwa wala kuswaliwa, utajua kwa nini mlango ulifungwa.

Ndivyo itakavyokuwa Bungoma au Kitale, Ebola ikifika. Mgonjwa atajitokeza pale tu atakapoamini kwamba kupimwa ni msaada kwake. Imani hiyo hujengwa kabla, kwa maimamu, mapadre, wazee wa ukoo na wahudumu wa afya ya jamii, pamoja na mpango wa maziko yenye heshima na usalama. Haiwezi kujengwa kwa amri ya polisi wiki ya mkurupuko.

Nani awajibike?

Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti na zahanati mikononi mwa magavana. Sera ya afya, hospitali za rufaa za kitaifa na ulinzi wa mipakani ni vya serikali kuu. Kwa hiyo afisa wa afya anayesimama Suam ni wa Nairobi, na wodi atakayopelekwa mgonjwa ni ya kaunti. Nafasi kati ya wawili hao ndipo mambo huangukia: gari la wagonjwa la nani, mafuta ya nani, posho ya nani.

Na wahudumu wenyewe? Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28, Stephen Mogusu, alifariki kwa korona. Wenzake walisema alikuwa hajalipwa kwa miezi kadhaa, na mwezi huo huo madaktari wakagoma. Kuanzia Dkt. Musoke mwaka 1980 hadi muuguzi wa Mulago mwaka 2025, anayemgusa mgonjwa ndiye huumia mwanzo. Asiyemlinda hana mpango wowote, hata akitangaza nini.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza njia. Basi badala ya kuzozana tu, tuulize kwa maandishi, huku Pwani na kule magharibi. Sampuli ya mwisho ya mgonjwa aliyeshukiwa ilichukua saa ngapi kufika maabarani na kurudi na jibu? Katika hospitali ya rufaa ya Bungoma, ya Kitale, na ya Makadara hapa Mombasa, vitanda vya kutenga wagonjwa ni vingapi, na mavazi ya kujikinga yatatosha siku ngapi? Zahanati zilizo karibu na vivuko visivyo rasmi zimefunzwa kushuku, au mafunzo yaliishia malangoni? Aliyetengwa, chakula cha watoto wake kitatoka wapi?

Kaunti ambayo gavana wake anaweza kujibu maswali hayo kwa tarakimu, hiyo iko tayari. Ambayo inajibu kwa maneno "hali imedhibitiwa", haijajitayarisha, na wakazi wake wana haki ya kujua hivyo sasa, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.